Kuoa, Kuolewa na Kutegemea: Mwenzi Mgeni wa Mkenya Mbele ya Sheria

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwalimu akikuta katika insha kwamba "Amina alimwoa Juma" hutia wino mwekundu bila kusita, na hakuna mzazi atakayekwenda shuleni kulalamika. Kauli ya kutendwa ndiyo tuliyomgawia mwanamke tangu jadi, na nyuma ya sarufi hiyo mna itikadi nzima: aoaye hubaki kwao, aolewaye huhama. Ndiyo maana tukikutana na binti wa jirani tuliyepoteana naye siku nyingi twamwuliza, "Siku hizi umeolewa wapi?" Kaka yake haulizwi swali hilo.

Jambo ambalo wengi wamelisahau, na ambalo wanafunzi wetu wa leo hawakulikuta, ni kwamba kwa karibu miaka 47 sarufi hiyo ilikuwa sheria ya nchi hii. Katiba tuliyoipata pamoja na uhuru mwaka 1963, na ambayo ilitumika, pamoja na viraka vyake vingi, hadi mwaka 2010, ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Kenya haki ya kuomba na kuandikishwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakutajwa popote. Yeye alihesabiwa kuwa mgeni kama wageni wengine, atafute kibali cha kazi au afunge virago. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo naye alirithi uraia wa baba. Uraia wa mama haukumfaa kitu. Watunga sheria walichukulia kwamba binti wa Kenya aliyeolewa na mgeni amekwisha kwenda kwao mumewe, na waliokwenda hawaandaliwi pahali pa kulala.

Si Kenya peke yake iliyofikiri hivyo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilipotungwa ilimfungulia mlango mke mgeni wa raia, wala haikumtaja mume. Huko Botswana mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, alijikuta na watoto walioainishwa na sheria kama mbuzi wa mazizi mawili: mzaliwa wa kwanza, aliyepatikana kabla ya ndoa, alikuwa raia, wawili waliozaliwa baada ya ndoa walikuwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Aliishtaki serikali, akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1991 na katika Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Zimbabwe nayo ina kisa chake, na nadhani chapaswa kufundishwa pamoja na cha Botswana. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwanamke raia hawezi kusemwa ana uhuru wa kuishi nchini mwake ikiwa mumewe mgeni anazuiwa kuishi naye humo. Serikali ilijibu mwaka 1996 kwa kuibadilisha katiba, ikaleta usawa wa aina yake: badala ya kuwapandisha wanawake walipokuwa wanaume, iliwashusha wanaume walipokuwa wanawake.

Sisi tulibahatika kupata usawa wa kupanda. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 15 kwamba mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Tazama neno hilo, "mtu". Si mke wala si mume. Kifungu cha 14 kinampa mtoto uraia kupitia kwa mama au baba, azaliwe Kisumu au Canada. Kifungu cha 13 kinaongeza kwamba uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa ndoa kuvunjika. Kiswahili kilikuwa na msamiati wa fikira hii zamani sana: tuna nomino "mwenzi" isiyobagua jinsia, na tuna kitenzi "kuoana", ambacho hakimfanyi yeyote mtenda wala mtendwa. Katiba, kwa lugha ya darasani, ilitoka katika kauli ya kutendwa ikaingia katika kauli ya kutendana.

Lakini miaka saba si siku saba. Mwenzi mgeni huishi wapi, na kwa hati gani, kabla haijatimia? Hapa ndipo penye kadhia yenyewe, na hapa ndipo magazeti yetu hayafiki mara nyingi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka kituo njiani. Mwenzi wa raia aliyedumu katika ndoa kwa miaka mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo njia iliyozoeleka ni pasi ambayo kwa Kiswahili hatuna budi kuiita pasi ya mtegemezi. Jina hilo si la bure. Pasi hiyo haimruhusu mwenyewe kuajiriwa wala kufanya biashara. Akitaka kazi, ni lazima apate kibali cha kazi kama mgeni mwingine yeyote. Isitoshe, pasi huombwa na yule anayetegemewa. Mwalimu wa hisabati kutoka Kampala aliyeolewa Kawangware, au mhandisi wa Kijerumani aliyemwoa binti wa Lavington, hasemi mwenyewe, "Mimi ni mke" au "Mimi ni mume". Husemewa. Anayemtambulisha ni mwenziwe, na ulimi uliomtambulisha waweza pia kumkana.

Msomaji atasema ninatia chumvi. Na atazame mahali pengine, basi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986 iliyomfanya mwenzi mgeni wa ndoa changa kupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, kisha wanandoa waombe pamoja masharti hayo yaondolewe. Nia ilikuwa kuzizima ndoa za karatasi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mume katili alipata silaha mpya: kataa nikupige, au nenda ukapige ripoti nisitie saini. Ilibidi mwaka 1994 Bunge lao litunge sheria nyingine inayomruhusu mwenzi anayeteswa kujiombea mwenyewe. Uingereza nayo iliingiza utaratibu wa namna hiyo katika kanuni zake mwaka 2002. Mtu hahitaji kuwa mwanasheria kuona kwamba anayeshika hati za mwenzake ameshika zaidi ya hati.

Nimetaja Kawangware na Lavington kwa makusudi. Ni mitaa miwili ya magharibi ya jiji inayopakana, mtu aweza kuvuka kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine katika muda wa kunywa kikombe cha chai, lakini mbele ya sheria hii iko mbali kabisa. Wanandoa wa Lavington wana cheti. Walikwenda kwa Msajili wa Ndoa pale Jumba la Sheria katika Barabara ya Harambee, au walifungishwa ndoa ng'ambo, na tarehe imepigwa chapa. Miaka yao mitatu huhesabika tangu siku hiyo. Wakikwama, wakili yupo. Kule Kawangware, Kangemi na Dagoretti wamo Waganda, Watanzania, Wakongo na Warundi walioanza kuishi na Wakenya bila karamu wala kasisi, wakapata watoto, wakapeleka mbuzi au wakaahidi kuwapeleka. Watoto ni raia tangu walipozaliwa, kwa nguvu ya kifungu cha 14. Mzazi mmoja ni raia. Mzazi wa pili huenda ameishi nchini miaka kumi na miwili, lakini saa yake ya kisheria haijaanza kugonga.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilijaribu kuliziba pengo hili. Inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Inataka zote zisajiliwe. Na wanandoa wa kimila wanatakiwa kumwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila. Mahali ambapo mila inadai mahari, kutolewa kwa kiasi cha ishara tu kwatosha kuthibitisha ndoa. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, wangapi kati ya wasomaji wangu, walimu mliosoma, mmesajili ndoa zenu za kimila? Kama ninyi hamjafanya hivyo, seuze mchuuzi wa mboga sokoni Kawangware ambaye kila siku aliyoipoteza mjini ni chakula kilichokosekana jioni.

Narudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi inayonilisha. Linganisha vitenzi viwili. Kuhusu uraia baada ya miaka saba, Katiba inasema mwenzi "ana haki" ya kuandikishwa. Kuhusu ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, Sheria ya 2011 inasema mamlaka "yaweza" kumpa. Kati ya "ana haki" na "yaweza" pana bonde refu. Kwenye kitenzi cha kwanza mwombaji ndiye kiima: akitimiza masharti, serikali haina hiari. Kwenye cha pili kiima ni serikali. Mwombaji amekuwa shamirisho, na kazi ya shamirisho ni kungoja. Jambo la ajabu ni kwamba cheo kikubwa zaidi, uraia, kimetolewa kama haki, ilhali kile kidogo, cha kuishi tu katika nyumba ya mwenzio bila kuhesabu miezi, kimebaki kuwa fadhila.

Upo utetezi, na si haki kuupuuza. Serikali yoyote ina wajibu wa kujua ni nani anaishi nchini, na ndoa za karatasi zipo. Lakini kinga imekwisha kuwekwa. Kifungu cha 11 cha Sheria hiyo hiyo, kinachohusu uraia, kinataka ndoa iwe imefungwa kwa mfumo wa sheria unaotambuliwa Kenya, mwombaji asiwe mgeni aliyepigwa marufuku, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, ndoa isiwe ya kutafutia hati, na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Ikiwa chujio hilo latosha kwa uraia, laweza vipi lisitoshe kwa ukaazi?

Wenzangu wa idara za Kiswahili wataniuliza: mbona hutaji mtihani wa lugha? Sheria inamdai mgeni anayeomba uraia kwa kuishi nchini miaka saba aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Katiba ya zamani nayo ilidai Kiswahili kwa aliyeomba uraia kwa njia ya kuishi. Mwenzi wa raia hadaiwi hivyo, nami nakiri kwamba moyo wa mwalimu ulitamani adaiwe. Akili hainiruhusu. Tangu Novemba 2010 Uingereza humtaka mume au mke atokaye nchi nyingi za nje apite mtihani wa Kiingereza kabla ya kumfuata mwenziwe aliyekaa huko, na Mahakama yao ya Juu iliukubali utaratibu huo mwaka 2015. Kenya haimo katika orodha yao ya nchi za wasemaji wa Kiingereza. Kwa hiyo Mkenya aliyefundishwa masomo yote kwa lugha hiyo tangu madarasa ya chini, na pengine aliyechapwa kwa kusema lugha ya mama, hana budi kulipia mtihani au kuleta uthibitisho kwamba shahada yake ilisomeshwa kwa Kiingereza. Juu yake kuna sharti la pato: mwenyeji aliye kule alitakiwa kuwa na pauni 18,600 kwa mwaka kuanzia 2012, na kuanzia Aprili 2024 kiwango kikapandishwa hadi 29,000. Tunaolalamikia milango hiyo hatuna sababu ya kuiga bawaba zake. Kiswahili cha nyumbani hufundishwa na shemeji na mama mkwe, tena kwa ukali kuliko baraza lolote la mitihani.

Kuna jambo jingine la kulitazama upande wa Jumuiya yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mwenzi wa mfanyakazi atokaye nchi mwanachama haki ya kufuatana naye na kuajiriwa au kujiajiri. Ukaazi wa kudumu iliuachia sheria za kila nchi. Kwa maandishi, basi, mke wa mfanyakazi Mganda aliyekuja naye Nairobi aweza kuwa na haki ya kazi kwa sababu ya mumewe Mganda, ilhali dada yake aliyeolewa na Mkenya, ndoa ikiwa changa, anashika pasi inayomkataza. Sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa akakusudia hivyo. Ni vipande vya nguo vilivyoshonwa na mafundi tofauti.

Bunge lina uwezo wa kuvishona upya bila gharama kubwa. Kifungu cha 45 cha Katiba kinaiita familia msingi wa jamii, na kile cha 47 kinamhakikishia kila mtu uamuzi wa kiserikali usiocheleweshwa, pamoja na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi huo unapomdhuru. Kutokana na hayo mawili twaweza kudai kwamba mwenzi aliyetimiza miaka mitatu apewe ukaazi kwa haki, na kwamba atakayekataliwa aambiwe sababu kwa barua. Pasi ya miaka ya mwanzo iwe ya mwenzi, imruhusu kufanya kazi, na anayeteswa asilazimike kuomba saini ya anayemtesa. Kwa wale wa Kawangware, msajili awafuate huko huko kwa machifu, kama wanavyofuatwa wapiga kura, na tarehe ya ndoa iandikwe ile iliyothibitishwa na wazee badala ya siku ambayo afisa alifika na mhuri. Nayo fomu ya maombi ibadilishwe mahali pamoja tu: pale chini, penye nafasi ya saini ya mwombaji, atie saini mwenzi mgeni mwenyewe.