Saudi Arabia na bangi: Mmea mmoja, hukumu moja

Sheria ya dawa za kulevya ya Saudi Arabia ya mwaka 2005 inaruhusu adhabu ya kifo kwa mtu anayeingiza bangi nchini humo. Baada ya kusitishwa kwa karibu miaka miwili, adhabu hiyo kwa makosa ya dawa za kulevya ilianza kutekelezwa tena Novemba 2022.

Kwa mujibu wa shirika la Amnesty International, adhabu ya kifo ilitekelezwa dhidi ya watu wasiopungua 345 mwaka 2024, kati yao 122 kwa makosa ya dawa za kulevya. Raia wa Somalia na Ethiopia ni miongoni mwa waliokumbwa na adhabu hiyo katika miaka ya karibuni.

Nyuzi na utomvu

Kwingineko, mmea huo huo ni zao la viwandani. Gamba la shina lake lina nyuzi ndefu zenye selulosi nyingi, ambazo huuwezesha kusimama wima, na viwanda huzigeuza kuwa kamba, nguo na karatasi. Kilevi chake, THC, hutengenezwa kwingine: katika vinyweleo vya utomvu, hasa kwenye maua ya mmea wa kike.

Wazalishaji wa mbegu za nyuzi huchagua mimea mirefu isiyo na matawi mengi. Hata hivyo, wingi wa selulosi si hakikisho kwamba kilevi ni kidogo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya hupima THC, na mwaka 2023 ulipandisha kiwango kinachoruhusiwa kutoka asilimia 0.2 hadi 0.3.

Riyadh haina haraka

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 haugusi kilimo cha mmea huo kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Lakini maji ni haba Saudi Arabia, na mitende yake zaidi ya milioni 30 hutoa makuti yenye selulosi.

Aidha, maafisa wa forodha, kuanzia bandari ya Jeddah, wana kazi kubwa. Agosti 2022, karibu vidonge milioni 47 vya kulevya vilinaswa mjini Riyadh vikiwa vimefichwa ndani ya unga.

Kwa anayekamatwa na hashishi mpakani, sayansi ya nyuzi haina msaada, kwani mzigo wake ni utomvu. Linalobishaniwa ni uzito wa adhabu: wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wanashikilia kuwa makosa ya dawa za kulevya hayafikii kiwango cha kustahili kifo.