Mbegu za papai: si takataka, wala si dawa bado

Ukipita Marikiti jijini Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, utaona marundo ya maganda na mbegu za matunda yakingoja kuzolewa. Nawe msomaji, ukipasua papai nyumbani, jambo la kwanza ni kukwangua zile mbegu nyeusi na kuzitupa. Je, tunatupa dawa?

Wazee wengi watakujibu kwamba mbegu hizo huua minyoo, na sayansi haiwacheki. Mwaka wa 2007, watafiti wa Nigeria walichapisha matokeo ya majaribio kwa watoto 60 waliokuwa na vimelea vya tumboni. Nusu yao walipewa mbegu za papai zilizokaushwa, zikasagwa na kuchanganywa na asali. Waliosalia walipewa asali tupu. Baada ya siku saba, choo cha watoto 23 kati ya 30 waliopewa mbegu kilikuwa safi. Kwa waliopewa asali pekee, ni watano tu.

Hata hivyo, usikimbilie kinu. Watoto 60 ni wachache, na siku saba ni muda mfupi. Isitoshe, wataalamu wa India waliwapa kima dume dawa iliyotolewa katika mbegu hizo, na manii yao yakakosa mbegu za kiume hadi dawa ilipokomeshwa. Kitu chenye nguvu hiyo hakipimwi kwa kukisia. Mama mjamzito naye asikijaribu kamwe.

Kwangu kliniki huja wazazi waliompa mtoto kijiko kimoja leo na vitatu kesho, kwa sababu jirani alisema. Wakati huo minyoo inaendelea kumdhoofisha mtoto, ilhali tembe za minyoo zenye kipimo kinachojulikana hazina bei kubwa.

Siwalaumu wazazi peke yao. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo kinachochunguza dawa za kienyeji. Serikali na itoe fedha ili mbegu hizi zijaribiwe kwa watoto wengi wa Kenya, tujue ni kiasi gani kinafaa, kwa umri gani, na kina madhara gani. Tukikaa kimya, wachuuzi wa dawa za mitaani watatujibia.

Hadi siku hiyo, mle papai, mnawe mikono, na mtoto mwenye minyoo apelekwe zahanati. Mbegu nazo, kama una kiwanja, zipande.