Umezaliwa Siku Moja na Ronaldo, Halafu?

Tarehe 5 Februari mwaka huu, saa sita na dakika moja usiku, mwenzangu wa chumba alipandisha stetasi yenye picha tatu: Cristiano Ronaldo, Neymar, na yeye mwenyewe akiwa na jezi ya kitivo. Chini akaandika kwamba siku hiyo huzaliwa wafalme tu. Tulipofika kanteni asubuhi kunywa chai, washikaji walishaanza kumwita Ney. Jamaa hajawahi kuanza mechi hata moja, lakini siku ile alitembea kama mtu ambaye mkataba wake uko mezani unasubiri saini.

Sikumcheka sana, maana ugonjwa huo na mimi ninao. Nimezaliwa Agosti 21, siku moja na Usain Bolt na Robert Lewandowski, na kwa miaka mingi nimekuwa nikilisema hilo hata kabla mtu hajaniuliza. Baba yangu, mpenzi wa nyimbo za zamani, hunikumbusha kwamba na Kenny Rogers ni wa siku hiyohiyo. Nilipokuwa kidato cha pili niliwahi kuamini kabisa kwamba nina nyota ya mbio. Nikashiriki mita 100, nikashika nafasi ya saba kati ya watu saba.

Tuseme ukweli, orodha hizi zinanoga. Februari 5 haina Ronaldo wa 1985 na Neymar wa 1992 peke yao. Yumo Carlos Tevez wa 1984, yumo na Gheorghe Hagi wa Romania wa 1965. Machi 14 ni ya Stephen Curry wa mpira wa kikapu na Simone Biles wa sarakasi za Olimpiki. Siku hiyohiyo ya mwaka 1933 walizaliwa Quincy Jones, mtayarishaji wa muziki, na Michael Caine, mwigizaji. Hao wawili wanachangia siku, mwezi na mwaka. Oktoba 2 ni ya Diamond Platnumz, na pia ni ya Sting, mwanamuziki wa Uingereza. Hata Februari 29, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne, ina rapa Ja Rule na beki Benedikt Höwedes aliyetwaa Kombe la Dunia na Ujerumani mwaka 2014.

Sasa piga hesabu kidogo, usiogope. Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Ukiwagawa kwa siku za mwaka, kila tarehe inapata watu zaidi ya milioni 20. Kwa hiyo wewe na Ronaldo mna wenzenu milioni 20 na ushee, na karibu wote hawana hata mpira wa makaratasi. Na kwa kuwa watu maarufu duniani wamejaa kila fani, hakuna tarehe isiyo na nyota wake. Mtafute wako, utampata. Kumpata hakukuambii chochote kuhusu wewe.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila mwalimu mtarajiwa wa hisabati anaipenda. Chukua watu 23 tu. Uwezekano kwamba angalau wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ni zaidi kidogo ya nusu. Watu wengi hubisha, kwa sababu kila mtu anajifikiria yeye dhidi ya wale 22. Lakini ndani ya watu 23 kuna jozi 253, na kila jozi ni nafasi ya kugongana. Kombe la Dunia la 2014 lilikuwa na timu 32 zenye wachezaji 23 kila moja, na timu 16 zilikuwa na wachezaji waliochangia siku ya kuzaliwa. Nusu kamili!

Hesabu hiyo ndiyo niliyoibeba mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa kipindi cha saba, jua kali, kidato cha pili nusu wamelala. Nikasema ngoja niwaamshe. Nikawapa vikaratasi, kila mmoja aandike siku na mwezi wake wa kuzaliwa. Darasa lilikuwa na wanafunzi 46, kwa hiyo nilijua tutapata jozi tu, tena nilishapanga hadi maneno ya kuwashangaza.

Waliniwahi wao. Vikaratasi tisa vilikuwa na tarehe moja: Januari Mosi.

Nikadhani wananitania. Nikauliza, nani hawa? Mikono ikanyooshwa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, kipa wa timu ya shule, akasimama kwa heshima kabisa akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni ya kuandikiwa." Darasa zima likacheka, yeye naye akacheka. Baadaye aliniambia mama yake anakumbuka kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga, mvua zikiwa zimekatika. Alipopelekwa kuanza darasa la kwanza hakuwa na cheti, na mtu aliyekuwa na daftari alihitaji kujaza nafasi ile. Akajaza Januari Mosi, kazi ikaendelea.

Halafu familia ikaja kupata cheti, na cheti kikaandikwa Juni. Shuleni Januari, nyumbani Juni. Kijana hakuona tatizo mpaka alipoitwa kwenye majaribio ya timu moja ya vijana. Alidaka vizuri siku mbili, siku ya tatu wakaomba karatasi. Wakaona tarehe mbili za mtu mmoja, wakamwambia umri wake una utata, akapanda basi akarudi kijijini.

Mtu anaweza kusema timu ilikuwa na haki, na kwa kiasi fulani ninakubali. Udanganyifu wa umri kwenye soka la vijana upo na unajulikana. Ndiyo maana mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Nigeria, FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono. Lakini angalia nani anaumia. Mjanja anayepunguza miaka huhakikisha karatasi zake zinafanana. Anayekamatwa ni mtoto mkweli ambaye watu wazima wawili walimwandikia tarehe mbili bila kumuuliza mama yake.

Wala hili si la kwetu peke yetu. Wakimbizi wengi kutoka Somalia na Sudan Kusini waliopokelewa Marekani, baadhi yao wakiwa wametokea kambi ya Kakuma nchini Kenya, waliandikiwa Januari Mosi kwa sababu hawakuwa na karatasi. Ukikuta ukoo mzima una siku moja ya kuzaliwa, usitafute nyota. Tafuta karani.

Na ukitaka kujua kama tarehe ina nguvu kweli, waulize watafiti wa michezo. Huko Canada, tangu miaka ya 1980, waligundua kwamba wachezaji wa hoki ya barafu kwenye ligi kubwa za vijana wamezaliwa zaidi miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu haiko angani. Makundi ya umri yalihesabiwa kuanzia Januari Mosi, kwa hiyo mtoto wa Januari na wa Desemba waliwekwa kundi moja ilhali mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Mkiwa na miaka kumi, mwaka mmoja ni kimo na kifua. Kocha anamchukua mkubwa, mkubwa anapata mazoezi bora, na baada ya miaka mitano watu wanasema amezaliwa na kipaji.

Ndiyo maana ninasema tarehe ya kuzaliwa ina maana, ila sehemu tunayoitafutia siyo. Sisi wenyewe tunalijua hili. Wote tuliojaza fomu za mkopo tunakumbuka kwamba cheti cha kuzaliwa kilitakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA kabla ya kufikiria bumu. Tuliopita tulikuwa na karatasi. Umewahi kujiuliza ni wangapi wa darasa lako walibaki mlangoni?

Najua kuna atakayesema mwandishi amekuja kutuharibia bethdei. Hapana, pandisheni picha, katieni keki, mwagianeni maji. Agosti 21 na mimi nitamweka Bolt wangu. Ninachoomba ni kwa sisi wa elimu tunaokwenda tena kufundisha muhula ujao: siku ya kwanza utakapopewa daftari la wanafunzi, pitisha macho kwenye safu ya tarehe. Ukiona Januari Mosi zimejipanga kama viranja, usizipite. Muulize mwalimu wa darasa, muite mzazi, mweleze kwamba mambo yasawazishwe kwenye ofisi ya wilaya mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano mwambie aulizie kituo cha afya au ofisi ya kata. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu na mtoto hana cheti, usijaze tu ili foleni iishe.

Yule kipa bado anadaka. Nilipoondoka, mama yake alikuwa ameshakwenda wilayani mara moja, akaambiwa alete kadi ya kliniki, na alikuwa anaitafuta. Siku ya kuniaga kijana aliniuliza nimezaliwa lini. Nikamwambia Agosti 21. Akajibu palepale, "Na Bolt!"

Alikuwa anajua siku ya Bolt. Yake mwenyewe bado inatafutwa kwenye sanduku la mama.