Anayeuguza Naye Ahudumiwe: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Yah: Familia zinazouguza wagonjwa wa maradhi yanayotishia uhai

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumfariji yeye pamoja na familia yake tangu ugonjwa mkubwa unapogunduliwa hadi baada ya msiba, ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2014 kuwa huduma ambayo kila nchi inapaswa kuiimarisha. Ingawa familia imo katika maana yenyewe ya tiba hiyo, faili hufunguliwa kwa jina la mgonjwa peke yake, na anayemuuguza hubaki kuwa mtu wa kutumwa dawa, kulipa na kusubiri kwenye benchi.

Uzito wa jambo hili huonekana wazi katika saratani. Tiba ya mionzi, ambayo mara nyingi hutolewa siku tano kwa juma kwa majuma kadhaa, hupatikana katika hospitali chache, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hivyo familia itokayo Kigoma au Rukwa hulazimika kutafuta nauli, malazi na chakula cha muda wote huo huku shamba lake likikosa mtu. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na mofini ya maji, ambayo ni dawa ya kutuliza maumivu makali, jamaa ndiye anayepaswa kujua kwamba hunywewa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarejee, kwamba hufunga choo na hivyo huandamana na dawa ya kulainisha choo, na kwamba ikitumiwa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Asipoelezwa, huogopa kuitoa, na mgonjwa huteseka ilhali chupa imo chumbani.

Cicely Saunders, daktari aliyeanzisha hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Kati ya hayo manne, anayeuguza hubeba matatu.

Kwa hiyo Wizara inaombwa iagize kwamba afisa ustawi wa jamii akutane na familia mara ugonjwa unapothibitishwa na kuandika mahitaji yake katika faili la mgonjwa. Kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kusimamia mofini nyumbani na kuwatembelea wafiwa. Na kwamba nauli na malazi ya msindikizaji vifikiriwe katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Uganda, ambayo tangu mwaka 2004 inawaruhusu kisheria wauguzi wenye mafunzo maalumu kuandika mofini, imeonyesha kwamba tiba shufaa yaweza kufika vijijini pasipo kungoja madaktari waongezeke. Familia za Tanzania zinauguza leo, na msaada utakaofika baada ya mazishi utakuwa umechelewa.

Kwa heshima na taadhima.