Chombo cha umeme: Masagati tunahitaji kilomita ngapi kwa chaji moja?

Ndugu mkulima, kabla hujauza mpunga ili ununue pikipiki au gari la umeme, usidanganyike na idadi ya kilomita anayoitaja muuzaji. Mara nyingi hupimwa barabara ikiwa nzuri na mzigo ukiwa mdogo. Huku kwetu kuna milima, matope ya masika na magunia. Vyote hivyo vinakula chaji.

Hesabu hivi. Chukua safari yako ndefu kuliko zote kwa siku, kwenda na kurudi. Tuseme ni kilomita 80. Ongeza nusu yake kwa ajili ya mzigo, mlima na matope: 120. Betri nayo huchoka. Ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake, basi ilipokuwa mpya ilipaswa kufika kilomita 150.

Maoni yangu: usilipie zaidi ya hapo. Betri kubwa ni ghali na nzito, na kilomita usizotumia ni hela iliyolala. Kwa mavuno ya kupeleka Ifakara, changeni mkodi lori.

Ila usishuke chini ya hapo. Petroli ikiisha njiani utapata ya chupa. Umeme hauuzwi kwenye chupa. Kihansi ina mitambo ya megawati 180, lakini umeme ukikatika kijijini haikusaidii. Kama nyumbani huna umeme wa uhakika, subiri kwanza.

Mwambie muuzaji mjaribu chombo kwenye barabara yako, magunia yakiwa juu. Akikataa, baki na hela yako.