Tusinunue ile laptopu kubwa

Leo sitaandika juu ya mpira wala juu ya safari za Amerika. Naandika juu ya laptopu, sababu Jumapili tulitoka kwenye mkutano bila kuelewana na naona kimya changu kilikuwa sehemu ya kosa.

Sanduku lilifunguliwa, mama mweka hazina akahesabu mbele ya wote: shilingi 1,150,000. Hiyo ni akiba ya watu kumi na wawili kwa miezi nane. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba pesa hiyo itanunua mashine moja ya kikundi, ya kuandikia watu barua na CV, kutafsiri karatasi, na kutunza hesabu za vikundi vya akiba. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ulianza wakati picha ilipopita kwenye simu: laptopu mpya, kioo cha inchi 15.6, iko ndani ya boksi na nailoni yake, bei 950,000. Karibu wote mkasema "njo hii". Mimi ni mwandishi wa kikundi, kalamu ilikuwa mkononi, nikaandika tu. Usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo leo nasema wazi: tusiinunue.

Mnajua pesa hii imetoka wapi. Tangu mwaka 2023 WFP ilipoanza kutugawa kwa makundi ya uhitaji, kuna nyumba zinapata kidogo kuliko zamani na kuna nyumba hazipati kitu. Kwenye sanduku letu kuna pesa ya nyanya, ya kusuka nywele, ya boda, na ya kijana mmoja aliyebeba matofali. Mashine ikifa baada ya miezi minne, hakuna mtu atarudisha mkono kwenye mfuko. Kikundi kitakufa pamoja nayo.

Nina haki ya kusema sababu mimi mwenyewe nilishaungua. Miaka miwili iliyopita nilinunua na binamu yangu laptopu kubwa kwenye duka moja la Mbarara. Jina la duka naliacha. Ilikuwa ya michezo ya video, nyeusi, ina mataa kwenye kibodi, chaja yake kama tofali, imeandikwa wati 120. Dukani iliwaka kama ndege. Nilipofika nyumbani nikaichomeka kwenye inveta yetu ndogo ya wati 150, pamoja na simu tatu za jirani. Inveta ikalia kama mbuzi, ikazima. Tulianza kuichaji kwenye kibanda cha sinema na kulipa kila siku. Betri yenyewe ilikaa dakika arobaini. Mtu akiniita New Congo nikamuandikie barua, nilibeba karibu kilo tatu na chaja, nafika jasho linatoka, mashine imebaki na asilimia thelathini. Baada ya mwaka tuliiuza kwa bei ya kuku, tuseme hivyo.

Kwa hiyo nilijifunza kuuliza kazi kwanza, mashine baadaye. Kazi yetu ni ya kutembea. Nakivale ina kilomita za mraba 185 hivi, na mteja wetu hana makuta ya boda ya kuja na kurudi kwa ajili ya ukurasa mmoja. Sisi njo tutamfuata: kwenye kanisa baada ya ibada, kwenye shule, kwenye kikundi cha akina mama siku ya kugawana. Mtoto anaomba nafasi ya DAFI na siku za kuomba zinaisha kesho, unamuandikia palepale chini ya mti. Papa mmoja ana cheti cha Kifaransa kutoka Bukavu, anataka Kiingereza. Hizo zote ni kazi za maneno na za meza za hesabu. Hazihitaji kioo kikubwa wala mataa.

Kuna waliosema tununue kompyuta ya mezani, ni rahisi zaidi. Ni kweli, kwa bei hiyo unapata yenye nguvu. Lakini tupige hesabu ya jua. Paneli yetu ni wati 100. Siku nzuri inapata kama saa tano za jua kali, kwa karatasi ni wati-saa 500. Toa vumbi, mawingu, waya mbaya na betri iliyochoka, tuseme zinabaki 300. Kompyuta ya mezani na kioo chake zinakula kama wati 100, ukifanya kazi saa sita ni 600. Tayari tumeshindwa na simu hazijachajiwa. Laptopu ndogo ya ofisi, ukiwa unaandika tu, inakula kama wati 10. Saa sita ni 60, hata ukiongeza kinachopotea njiani haifiki 100. Na nyingi za miaka ya karibuni zinakubali chaja ya USB-C, hivyo unaweza kutumia chaja ya gari moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12 bila kupitia inveta. Hakikisha tu hiyo chaja inatoa wati 45 au 65, siyo ile ya simu.

Sasa ile ya kwenye picha. Siyo nzito sana kwa umeme, hapo siisingizii. Shida yake iko ndani. Niliomba yule rafiki yetu atume picha ya karatasi ya upande wa boksi: prosesa Celeron, ramu 4 GB, na hifadhi ya eMMC 64 GB. Windows 11 yenyewe inataka angalau hizo 64, maana yake mashine inazaliwa imeshiba. Mara ya kwanza inapotaka kujisasisha itakwambia hakuna nafasi. Na hapa njo penye uchungu: hiyo eMMC imechomelewa kwenye bodi, na kwenye mashine nyingi za bei hiyo ramu nayo imechomelewa. Huwezi kutoa, huwezi kuongeza. Fundi wetu wa hapa senta, hata awe na mkono mzuri namna gani, atakuangalia tu.

Mimi nataka tununue ya okazi. Najua neno hilo linawaogopesha. Yaya mmoja alisema Jumapili, "tumekuwa watu wa mitumba kwa nguo, kwa viatu, sasa hata kwa kompyuta?" Nilimuelewa. Mkimbizi anachoka kupokea kilichotumiwa na wengine. Lakini hapa kitu kipya ni kile kilichotengenezwa kwa bei ya chini kabisa, na cha okazi kilitengenezwa kwa bei ya juu. Makampuni ya Ulaya na Marekani yananunulia wafanyakazi laptopu nyepesi za ofisi, baada ya miaka mitatu minne wanazibadilisha zote pamoja, hata kama ni nzima. Njo zile unaziona zimepangwa madukani Kampala na Mbarara. Zilijengwa zifunguliwe: unatoa skrubu za chini, unaona betri, unaona diski, unabadilisha.

Majina ya kutafuta ni haya. Dell Latitude 7290, HP EliteBook 830 G5, Lenovo ThinkPad X280. Zote ni za karibu mwaka 2018, zote ziko kwenye kilo 1.2 mpaka 1.4, kioo cha inchi 12.5 au 13.3. Mimi ningechukua Dell au HP kwanza, sababu ramu yake inatoka. Ya X280 imechomelewa, kwa hiyo hiyo usiichukue kama siyo ya 8 GB tangu mwanzo. Kuna pia ThinkPad X270, ambayo naipenda sana, ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma. Ile ya nyuma unaitoa na kuweka nyingine mashine ikiwa inawaka. Kwa maisha ya hapa ni kama ilitengenezewa Kabazana. Ila prosesa zake ni za kizazi cha sita na cha saba.

Kwa nini hilo ni jambo? Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana. Wauzaji wengi wanashusha bei ya zile za zamani kwa sababu hiyo, na wengine wanaweka Windows 11 kwa njia ya mlango wa nyuma bila kukwambia. Angalia namba ya prosesa: i5-8250U au i5-8350U, ile namba ya kwanza baada ya kistari ni nane, ni sawa. Ikianza na sita au saba, bei ishuke sana na tuwe tayari kutumia Linux Mint. Linux ni bure, haina kelele ya virusi kama ile tunayoijua kwenye flashi za watu, na LibreOffice inaandika CV bila shida. Nimeitumia. Shida ni moja: barua ya Word yenye meza nyingi wakati mwingine inakuja imepinda, na mteja anafikiri ni wewe umeharibu. Ukimpa kwa PDF haipindi. Jina la modeli peke yake lisikudanganye pia, modeli hizohizo ziliuzwa na prosesa tofauti.

Dukani tusikubali kuharakishwa. Muuzaji akisema "haraka, kuna mtu mwingine anaitaka", mwache aiuze kwa huyo mtu. Kwanza tunaizima kabisa, tunaiwasha na kuingia kwenye BIOS. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, tunaondoka, hiyo ni mashine ya kampuni iliyofungwa na hatutaki matatizo, sisi ambao tayari kila mtu anatuuliza karatasi. Pili, kwenye Windows tunafungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Inatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo ilio nao leo. Kama cha leo ni chini ya nusu, tunaomba betri nyingine au punguzo la bei ya betri. Usisikilize "inakaa saa tano", soma namba. Tatu, tunaandika kila herufi ya kibodi, tunachomeka flashi kwenye kila tundu, tunafungua kamera, tunapiga muziki, tunafungua na kufunga kioo mara kumi tukisikiliza bawaba. Nne, diski iwe SSD ya 256 GB na ramu 8. Na tunaichomoa kwenye umeme, tunakaa nayo nusu saa palepale tukiandika. Watatuona washamba. Hakuna shida. Mwisho risiti iandikwe namba ya mashine na jina la kikundi, siyo jina langu.

Bei niliyosikia wiki hii kwa simu, maduka mawili tofauti, ni kati ya 700,000 na 850,000 kwa ile ya kizazi cha nane. Tukilipa 800,000 zinabaki 350,000. Hapo tunatoa nauli, chaja ya gari, begi lisiloingiza maji (mmesahau mvua ya mwezi wa nne?) na kitabu cha kuandika kila kazi na kila shilingi. Zinazobaki zirudi kwenye sanduku kwa ajili ya betri, sababu betri ya okazi itakufa, hilo nawaambia kabla. Mkinunua ile ya 950,000 mtabaki na 200,000 na kitu kisichofunguka.

Wengine wamesema tusubiri, kuna shirika litaleta kompyuta. Mimi ni mjitoleaji, nakaa kwenye mikutano hiyo, nimebeba viti vya mikutano hiyo. Kompyuta zinazoletwa zinafungwa kwenye chumba chenye ratiba, na ni vizuri kwa kujifunzia. Lakini haziwezi kutoka kwenda kwa mteja, na jioni zinafungiwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara. Tuitumie.

Kama kikundi kingekuwa cha kutengeneza video za harusi, nisingeandika haya yote. Vijana wa video wanahitaji mashine yenye misuli na wataibeba wenyewe. Sisi siyo hao.

Jambo moja linanisumbua kuliko prosesa. Mnakumbuka simu ya kikundi? Ilianza kuwa ya kikundi, ikawa ya mwenyekiti, mwisho ikawa ya mdogo wake. Laptopu nyepesi inaingia kwenye begi la mtu kwa urahisi, huo ndio ubaya wake. Kwa hiyo naomba kabla ya kununua tuandike nani anaishika wiki gani, inalala wapi, na kwamba kila jioni kitabu kinapita kwa mama mweka hazina. Hata mimi nikiwa ninaishika.

Jumamosi gari la kwanza la kwenda Mbarara linatoka alfajiri. Napendekeza twende watatu: mama mweka hazina na pesa, kijana wetu anayetengeneza simu na bisibisi zake, na mimi na flashi yenye Linux Mint. Wanaopinga waniambie kabla ya Alhamisi jioni, na wanitajie mashine yao na namba ya prosesa yake.