Kereng'ende mwembamba: tumjue kabla ya kumpiga



Juma hili shuleni watoto walituuliza juu ya mdudu mwembamba anayeruka pale wanapoteka maji. Wengi wameambiwa kwamba anauma, kwa hiyo wakimwona wanampiga fimbo. Leo tunamtetea, sababu ni rafiki wa nyumba zetu.

Hapa kwetu Kivu maji ni mengi: kuna ziwa lenyewe, lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari, kuna mabwawa ya samaki, tena kuna mabonde yenye maji ya Kabare na Walungu. Kandokando yake kereng'ende ni wa namna mbili. Yule mnene akitua anatandaza mabawa kama ndege ya abiria. Mwembamba ana mwili kama kijiti cha kiberiti, na mara nyingi akitua anakunja mabawa juu ya mgongo. Macho yake yameachana, moja huku, moja kule. Mmoja anayeonekana sana katika Afrika wataalamu wanamwita Ischnura senegalensis: dume ni mweusi mgongoni, kijani ubavuni, na karibu na ncha ya mkia ana alama ya buluu.

Hana mwiba wala sumu. Anakula mbu na wadudu wengine wadogo. Watoto wake wanakaa ndani ya maji, na huko wanakula viluwiluwi vya mbu. Mmoja akiingia katika ndoo, mtamjua kwa vitu vitatu kama vijani mkiani, ndivyo anavyopumulia. Si mnyoo. Mrudisheni bwawani, na maji ya kunywa yachemsheni kama kawaida.

Jike anataga mayai ndani ya mimea ya majini. Basi siku ya salongo tusing'oe majani yote kando ya bwawa, tuache upande mmoja. Wala tusioshe humo pompi ya dawa ya shamba.

Lakini kereng'ende hachukui nafasi ya chandarua. Kila usiku watoto walale ndani yake. Na mtoto mdogo asiende majini peke yake kutazama wadudu. Aende na mkubwa.

Mkifika pale pamoja, muulizeni: «Huyu amekunja mabawa ao ameyatandaza?» Akijibu vizuri, amekwisha kujifunza somo.